Tulivyoiacha Wazi Nafasi ya Namba Tatu

Hadi leo hapa mtaani Cimpunda wapo watu wazima, wenye akili zao na watoto shuleni, watakaokuapia kwamba siku ile timu yetu ilifukia dawa upande wa kushoto wa uwanja. Watakueleza hata ilikuwa dawa gani na ililetwa na nani. Mimi ndiye niliyekuwa golini. Dawa haikuwepo. Palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na tuliiacha wazi kwa makusudi. Nimechoka kulieleza jambo hili njiani kila ninapokwenda kununua mkate, kwa hiyo sasa naliandika.

Wakati huo nilikuwa nikiishi katika nyumba ya wachezaji, nyumba ya mabati iliyong'ang'ania mteremko wa Kadutu, mvua ikinyesha tope linashuka hadi mlangoni bila kubisha hodi. Nyumba ilikuwa ya mwenye timu, mfanyabiashara wa saruji na mabati, na tulimwita Papa Prezida. Hatukuwa na mkataba wa maandishi hata mmoja. Tulipouliza, alicheka na kutushika mabega.

"Nyiye ni batoto yangu," alisema. "Mutoto anasainiaka contrat na baba yake?"

Mwanzoni maneno hayo yalitupendeza. Mama yangu alipougua, alituma gari lake limpeleke hospitali. Kiungo wetu alipooa, alitoa mbuzi, tena mbuzi wa maana. Lakini alikuwa mtu wa kuuma na kupuliza. Ukimpinga kidogo unawekwa kando mwezi mzima, kisha siku moja anakuletea viatu vipya na kukuuliza mbona umenuna.

Alikuwa na desturi yake ambayo sijaiona katika timu nyingine yoyote. Siku ya mechi, baada ya sala, tulisimama kwenye sebule ya nyumba ile, na yeye mwenyewe alitugawia jezi. Maman aliyetupikia alikuwa amezipiga pasi na kuzipanga mezani. Papa Prezida aliita namba, hakuita jina. Unasogea, unainama kidogo, unapokea kwa mikono miwili, naye anakupa neno lako. Neno langu lilikuwa lilelile kila mara: "Linda nyumba." Alituambia kwamba jezi ni baraka, inatoka mkononi mwa baba, haiokotwi chini. Kusema kweli nilikuwa nikisisimka kila nilipoipokea, na siioni aibu kulisema hilo.

Kwa sababu ya desturi hiyo, sisi wenyewe tulizoea kuitana kwa namba. Beki wetu wa kushoto alikuwa Namba Tatu hata mezani. Kitanda chake kilitazamana na changu. Alikuwa mtu wa maneno machache, mpole, mwenye ubahili wa ajabu kwenye sambaza, wale dagaa wa ziwani: alizila polepole, moja moja, hadi sisi wengine tuliokwisha kumaliza tukabaki kumtazama kwa uchungu. Uwanjani nilimpigia kelele muda wote, kama golikipa yeyote anavyofanya, naye hakugeuka kamwe. Alipeleka mkono mmoja mgongoni na kufungua kiganja. Ndiyo ilikuwa namna yake ya kusema amesikia. Miaka yote niliyocheza naye nilikuwa nikikitafuta kile kiganja kabla sijautafuta mpira.

Aliumia kwenye mechi ya mvua. Mguu wa mpinzani ulimfikia kwa pembeni akiwa amesimamia mguu mmoja, goti likaenda kule ambako goti haliendi. Papa Prezida alimtuma kijijini Miti kwa mzee anayeunga mifupa. Mzee yule ana mikono ya kuheshimika, wengi amewasimamisha, lakini kwa Namba Tatu hapakuwa na mfupa wa kuunga. Alirudi na goti lililofungwa majani, limevimba zaidi ya lilivyokwenda. Daktari mmoja aliyekuwa shabiki wetu alilitazama na kusema lipasuliwe, tena mapema, au kijana huyu atachechemea hadi kaburini.

Jibu la Papa Prezida lilifika kupitia dereva wake. Namba Tatu akapumzike kwao. Kitanda chake kitamfaa mtu mwingine.

Hapo hapakuwa na jambo geni. Ndivyo vitanda vya nyumba ile vilivyopatikana. Kitanda nilicholalia mimi kilikuwa cha golikipa aliyevunjika mkono kabla sijafika, na kwenye ubao wake wa kichwani alikuwa amechonga msalaba mdogo kwa msumari. Niliupapasa kila asubuhi bila kufikiria sana. Nilianza kufikiria siku mtu wa Kamanyola alipoingia na begi lake.

Alikuwa beki wa kushoto, mtu mzima, mwenye mke na watoto aliowaacha huko bondeni wakilima mpunga. Dereva alimwonyesha kitanda. Namba Tatu alikuwa ameketi juu yake, mguu umenyooshwa kwenye kiti.

"Kitanda ni hii," dereva akasema.

"Mutu iko juu yake," mtu wa Kamanyola akajibu.

"Ataondoka."

"Basi nitangoja aondoke." Akaweka begi sakafuni, akakaa juu ya begi.

Sisi watu wa mjini tukaanza uchokozi wetu. Mmoja akamwambia jogoo la shamba haliwiki mjini. Yeye akatutazama mmoja mmoja, akasema hakuja kuwika, amekuja kucheza mpira, kisha akamuuliza Namba Tatu kama ameshakula. Tangu hapo nilimpenda, ingawa nilikuwa nimejiandaa vizuri kumchukia.

Nahodha wetu na mimi tulikwenda kumwona Papa Prezida dukani kwake. Alitupokea katikati ya mifuko ya saruji, akatuagizia soda. Nahodha, ambaye uwanjani alikuwa simba, mbele ya soda ile akawa paka. Alizungumza taratibu: goti la mwenzetu ni baya, ameumia kazini, daktari amesema apasuliwe, tunaomba apelekwe hospitali na abaki na kitanda chake mpaka apone.

"Nilimutuma Miti," Papa Prezida akasema. "Sasa aende ku mama yake. Akipona, mulango iko wazi."

"Papa," nikasema, "unasemaka siye ni batoto yako. Mutoto akiumia mu kazi ya baba yake, baba anamurudisha kwa nani?"

Alicheka, lakini nusu tu ya kicheko. "Golikipa, kazi yako ni kukamata ballon. Maneno unawachia benye maneno." Akasema Jumapili mtu wa Kamanyola atavaa tatu, na kabla ya Jumapili anataka kitanda kiwe tupu.

Nilitoka dukani, nikashuka mlima nimekasirika kiasi cha kusahau kumshukuru kwa soda, na nahodha akanikumbusha, nikamkasirikia na yeye pia. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa na hakika nasi. Alijua tukigoma kucheza, tutapoteza mechi mezani, mashabiki watatulaani, naye atasimama kwenye redio kama baba aliyesalitiwa na watoto wake. Kisha atajaza vitanda vyote kwa watu wapya. Nani angemlaumu?

Jioni hiyo tulikaa nyuma ya nyumba, wengine wakifua soksi, na hapo ndipo nikasema nililokuwa nimelitafuna njia nzima. Tusigome. Tucheze, tena tucheze kwa nguvu zote. Ila jezi namba tatu, Papa Prezida akiigawa, mtu yeyote asiipokee. Sheria za mpira zinaruhusu timu kuanza na watu pungufu. Tutaingia kumi, na mahali pa Namba Tatu patabaki mahali pa Namba Tatu.

Kila mtu aliyekuwa akifua aliacha kufua. Walinitazama mimi kwa sababu walijua tundu lile litakuwa mbele ya nani. Wapinzani wetu wa Jumapili walikuwa na winga wa kulia mwenye mbio ambazo hata mbwa wa mtaa walikata tamaa nazo.

"Atakupiga mabao," kiungo akaniambia.

"Atapiga. Ni miye nitaokota ballon, haiko weye."

Kisha macho yote yakahamia kwa mtu wa Kamanyola. Jezi ilikuwa yake. Kwa jezi ile alikuwa ameacha mpunga na mke na watoto, na sisi tulikuwa tukimwomba aikatae kwa ajili ya mtu aliyemfahamu juzi. Hakuna aliyethubutu kumsihi. Alikamua soksi yake mpaka tone la mwisho.

"Na miye nikiumia kesho," akauliza, "mutaacha fasi yangu vile vile?"

Nahodha akamtazama machoni. "Tutaiacha."

"Sawa. Mikono yangu itakuwa mugongoni."

Namba Tatu hatukumshauri. Angetukataza. Alikuwa ameshaanza kukunja mashati yake.

Jumapili tulisali, tukasimama sebuleni. Papa Prezida alikuja amevaa suti ya bluu na amejipaka manukato. "Moja." Nikasogea, nikainama, nikapokea. "Linda nyumba." Nilimjibu ndiyo Papa, na niliposema hivyo nilimaanisha, ila nyumba niliyomaanisha mimi ilikuwa na vitanda ndani yake. "Mbili." Beki wa kulia akapokea. "Tatu."

Mtu wa Kamanyola alisogea kama anavyopaswa, akainama kwa heshima, akaweka mikono yake mgongoni.

"Aksanti, Papa. Lakini hii iko na mwenyewe."

Papa Prezida akamwita beki wa akiba. Naye akasogea, akainama, mikono mgongoni. Akamwita mwingine, ikawa vilevile. Kocha aligundua ghafla kwamba dari ya nyumba ile inahitaji kutazamwa kwa makini. Mwishowe Papa Prezida akaitupa jezi begani kwa nahodha. Nahodha hakutikisika. Jezi iliteleza, ikaanguka sakafuni kati yetu.

Haiokotwi chini. Yeye ndiye aliyetufundisha. Tulisimama tukiitazama, na sikuwa na hofu bali ukaidi mtupu, ukaidi uliokuwa mtamu mdomoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliinama yeye mwenyewe, suti na manukato yake, akaiokota, akaikung'uta vumbi.

"Mutaona," akasema, akagawa zilizobaki.

Uwanjani mwamuzi alituhesabu, akarudia. Nahodha akamwambia tuko tayari. Wapinzani nao wakatuhesabu, na hapo ndipo mambo yakaenda kombo kwa namna ambayo hatukuipanga. Mpira ulipoanza, winga wao alipewa pasi ya kwanza, mbele yake uwanja mtupu hadi kwangu. Nilijikunja tayari. Akakimbia hatua kadhaa, akasimama. Akatazama chini. Pale palikuwa na kipara cha nyasi ambapo mtu wa kuchora mistari alikuwa amemwaga chokaa. Winga akajipiga ishara ya msalaba, akaurudisha mpira nyuma.

Sikuelewa mara moja. Alipofanya hivyo tena, nikaelewa, na nilibana kicheko hadi macho yakanitoka machozi. Kwao, timu haiwezi kuacha nafasi wazi bure. Lazima pana kitu pale. Kocha wao alimpigia kelele apite upande huo, wachezaji wenzake walimpigia kelele asipite. Nami, Mungu anisamehe, kila nilipokwenda kuchukua mpira upande ule nilikizunguka kile kipara cha chokaa kwa adabu kubwa. Sikusema uongo hata neno moja. Nilizunguka tu. Kipindi chote cha kwanza walishambulia kupitia kulia kwetu na katikati, ambako tulikuwa tumejazana.

Papa Prezida alikuwa na mazoea ya kuingia uwanjani mechi ikiwa imeshaanza, ili watu wamshangilie. Alikawia kuliko kawaida, akaingia kabla tu ya mapumziko, akainua mkono. Watu wakapiga kelele, akatabasamu. Kisha akaisikia kelele yenyewe. Namba Tatu alikuwa amefika na fimbo yake, ameketi karibu na lango miongoni mwa wamama wa soko la Kadutu wanaouza karanga na ndizi. Tulimwambia abaki nyumbani, lakini alitaka kututazama mara ya mwisho kabla ya kuondoka. Wamama walikuwa wamemuuliza kwa nini yuko pale na timu iko kumi. Alikuwa ameyasikia yote ya sebuleni akiwa chumbani, na yeye hajui kudanganya.

"Papa, tatu iko wapi?" mmoja wao akaita. Mwingine akaitikia, na wengine, mpaka upande mzima wa uwanja ukawa unauliza swali lilelile kwa sauti ya kuimba. Papa, tatu iko wapi? Papa, mutoto yako iko wapi? Aliketi. Jezi ilikuwa bado mkononi mwake, ameikunja mapajani.

Kipindi cha pili winga alisukumwa na kocha wake kwa mikono miwili. Akakanyaga chokaa, akakuta miguu yake yote ipo, na baada ya hapo walikuja kama siafu. Nilikuwa golikipa na beki wa kushoto kwa wakati mmoja. Nilitoka, nilijitupa, nilipigwa goti la mbavu ambalo mvua ikija bado linanikumbusha. Mtu wa Kamanyola alisimama kwenye mstari, koti la mazoezi limefungwa hadi shingoni, akinielekeza kwa sauti: sogea, ngoja, sasa. Alijua mchezo. Kila alipoita, niliona jinsi miguu yake ilivyotaka kuingia, na hakuingia. Nahodha alifunga bao moja kwa kichwa. Wao walifunga mawili, yote kupitia mlango ule tuliouacha wazi.

Nilikasirika kwa mabao yale. Golikipa asiyekasirika akauze viazi. Lakini tulipotoka, wamama wa karanga walisimama, na yule beki aliyekaa kati yao na fimbo alikuwa analia waziwazi bila kujifuta. Alipeleka mkono mmoja mgongoni, akafungua kiganja, akageuka kidogo ili nikione. Mimi nilijifanya ninafunga viatu.

Kesho yake asubuhi gari la Papa Prezida lilisimama mlangoni, na halikuendeshwa na dereva. Aliingia moja kwa moja chumbani kwetu.

"Vaa," akamwambia Namba Tatu.

"Nivae nini, Papa?"

"Kiatu. Moja inatosha."

Akamweka kiti cha mbele. Hakuomba radhi, wala hatukuingoja. Goti likapasuliwa, Namba Tatu akarudi kwenye kitanda chake kilekile na mguu mweupe kama nguzo. Mtu wa Kamanyola aliletewa kitanda kipya, tukakibana katikati ya vile viwili hadi ikabidi tuingie chumbani kiupande. Mikataba hatukuipata mwaka ule. Ila kwenye redio sikumsikia tena akitaja watoto.

Kabla ya mechi iliyofuata tulisimama tena sebuleni. "Moja," Papa Prezida akaita, na macho yake yalikuwa juu ya golikipa wa pili. Yule ndugu akasogea, akaweka mikono mgongoni. Wengine wote wakaniangalia. Nilijua hii ni bei yangu, na nilikuwa nimeshaikubali tangu siku ya soksi.

"Pokea," nikamwambia.

Hakutaka. Ikabidi nimweleze pale pale mbele ya mwenye timu: benchi ni sehemu ya kazi yetu, kocha au prezida anaweza kukuweka benchi hata kwa chuki. Tulichokataa ni mtu kutupwa nje akiwa ameumia. Akapokea. "Linda nyumba," Papa Prezida akamwambia, akinitazama mimi. Sikuangalia chini.

"Mbili." Kisha akachukua ya tatu, akakaa nayo mkononi. Hakuita. Alitoka sebuleni, akaingia chumbani kwetu, nasi tukamfuata, tukajazana mlangoni. Aliiweka jezi juu ya mapaja ya Namba Tatu, karibu na plasta, akarudi nyuma hatua moja.

Namba Tatu aliipokea kwa mikono miwili. Aliinyoosha, akaipapasa ile namba, kisha akamnyooshea mtu wa Kamanyola.

"Unilindie fasi," akasema.

Mtu wa Kamanyola akatoa mikono yake mgongoni, akainama, akapokea.

Siku hiyo nilibeba chupa za maji, na tulishinda. Baada ya mechi nilirudi nyumbani na wenzangu, nikapita kiupande kati ya vitanda, nikajilaza juu ya changu, kile kilichoachwa na golikipa aliyevunjika mkono. Nilipapasa ule msalaba wake ubaoni. Sikuwa na jezi, na hakuna mtu aliyekuja kuniambia niondoke.